Mistari ya Mama kwenye Kichwa cha Nyambura

Daktari wa mjini aliniuliza kuhusu usingizi, kuhusu chakula, kuhusu hedhi, na kama kuna siku natamani nisiamke. Nilijibu yote kwa sentensi kamili, kama mtu anayefanya mtihani. Hakuniuliza kuhusu wivu. Hata angeniuliza ningekana, kwa sababu wakati huo nilidhani huzuni ni ugonjwa wa kuheshimika na wivu ni tabia mbaya tu.

Naandika haya kwa msichana aliyekaa sasa hivi kwenye benchi kama lile la kliniki ya daktari huyo, juu ghorofani, akingoja jina lake liitwe na kuangalia viatu vya wenzake. Najua unaviangalia. Mimi pia niliviangalia, na nilijua vya nani ni vipya na nani ameletwa na mama yake.

Sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi. Sijui, na waliojaribu kunieleza walinichosha. Nitakuambia ulivyokuwa kwangu.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa karibu na kwetu Riruta. Nilikuwa wa kwanza darasani na sikuwahi kulifurahia jambo hilo, maana ukiwa wa kwanza unaishi ukisikia nyayo nyuma yako. Nilianza kwa kunakili upya kila ukurasa niliokosea. Kosa moja, ukurasa mzima. Baadaye hata ukurasa usio na kosa ukaanza kuniudhi, nikawa nauchana pia. Kisha asubuhi moja ya mvua za Aprili niliketi kitandani na soksi moja mguuni na nyingine mkononi, na ile ya mkononi ikanishinda. Sikulia. Ilikuwa nzito tu.

Baba alichungulia mlangoni. "Mideva, utachelewa."

"Najua."

"Basi vaa soksi twende."

"Najaribu, Baba."

Aliporudi kunitazama tena, chai yangu ilikuwa imeshika utando juu na soksi ilikuwa bado mkononi. Akaketi kando yangu akaitazama ile soksi kama vile anavyotazama mbao iliyopinda.

Baada ya hapo mwili wangu ulianza kwenda kivyake. Sketi ya shule ikahitaji pini, kisha shule yenyewe nikaacha kwenda. Ngozi ikawa ya majivu hata nikijipaka mafuta. Nywele zikakatika kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, zikibaki kwenye mto asubuhi. Kibaya zaidi, sikutaka kuguswa. Mkono wa mtu begani nilihisi kama pasi ya moto. Kanisani waliniombea kwa kuniwekea mikono, watu wengi kwa pamoja, na sasa unaweza kukisia nilivyoipitisha ibada ile. Mama alijaribu kunisuka Jumapili moja, nikautupa mkono wake. Alirudisha kitana kwenye mkoba na hakujaribu tena.

Mama anafanya kazi ya nyumbani Lavington, mtaa wa wenye pesa. Ameifanya katika nyumba moja tangu nikiwa mdogo, na analala huko huko. Kwetu anafika Jumamosi mchana, anaondoka Jumapili jioni. Nilijua nyumba ile ina msichana wa rika langu, lakini sikuwahi kumwona wala kulisikia jina lake. Wanawake wengine wa kanisani wenye kazi kama hiyo husimulia mabosi wao mpaka unajua nani anamlaza mbwa kitandani. Mama hasimulii. Mambo ya nyumba ya watu, kwake, hayavuki geti. Nilikuwa najivunia jambo hilo.

Yeye ndiye aliyeleta habari za kikundi.

"Kuna mahali hapo nyuma ya Woodley," alisema akichambua mboga. "Wasichana wanakutana Jumamosi asubuhi. Wanafundishwa."

"Wanafundishwa nini?"

"Kukasirika vizuri. Kulia vizuri. Sijui, Mideva. Wanafundishwa."

"Nani amekuambia?"

"Nimesikia."

Daktari wa mjini akasema ni wazo zuri, dawa niendelee nazo. Basi baridi ilipoanza nikawa natoka na Baba kila Jumamosi kwa miguu hadi Ngong Road. Baba ni fundi wa viti na vitanda, anafanyia kazi kando ya barabara, na Jumamosi ndiyo siku wateja wake huja. Aliniacha kwenye kona na kunipungia mkono wenye gundi iliyokauka, nami nikamalizia njia peke yangu hadi ukumbi uliokuwa nyuma ya kanisa.

Tulingojea nje, kwenye benchi la barazani. Sakafu ilinukia polishi nyekundu. Mbele yangu aliketi msichana mwenye jaketi ya jinzi iliyotoka dukani, si ya mtumba. Alikuwa amenipa kisogo, amesukwa mistari. Nikaitazama mistari ile kwa sababu ilikuwa sawa kabisa, na mimi hupenda kitu kilicho sawa. Ilikwenda imenyooka kutoka mbele hadi shingoni, isipokuwa juu ya sikio la kushoto, ambapo kila mstari ulijikunja kidogo kabla ya kuendelea. Hakuna anayefundishwa kusuka hivyo. Mama hutumia mkono wa kushoto, na akifika pale mkono wake hujikunja. Kichwa changu kilikuwa na mikunjo ile ile tangu chekechea.

Msichana akageuka. "Niaje."

"Poa."

"Ni mara yako ya kwanza? Usiogope, Madam Kerubo hana noma. Shida ni chai tu, sukari ni mob, inashika meno."

"Nani alikusuka?"

"Hii? Auntie Violet. Ako kwetu. Aki ana mkono mwepesi, unalala katikati."

Nikamwambia ni nzuri. Violet ni jina la mama yangu.

Aliitwa Nyambura. Nililijua jina hilo tulipoketi kwenye duara, kwa kuwa Madam Kerubo alianza kila kikao kwa namna moja: kila mmoja anataja jina lake, anataja hisia aliyokuja nayo, na anasema imekaa wapi mwilini. Madam alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya chini na sauti ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

"Mideva," nikasema zamu yangu ilipofika. "Huzuni. Kifuani."

Haikuwa huzuni, na ilikuwa kooni.

Mchana huo nilimngoja Mama. Hakuwa amemaliza hata kuvua viatu.

"Mama, Nyambura ni nani?"

Alisita na kiatu kimoja mkononi. "Nani amekutajia hilo jina?"

"Nimeona kichwa chake."

Akaviweka viatu pamoja chini ya kiti. "Sasa ningekuambiaje? Mtoto wa watu akiwa mgonjwa, mimi ndiyo nitangaze? Ya kule siyaleti hapa. Na ya hapa siyapeleki kule. Mama yake nilimwambia tu nina msichana anasumbuliwa na mawazo, akanionyesha hiyo mahali. Nyambura mwenyewe hajui kitu."

"Unamsuka."

"Ni kazi."

"Hata kusuka ni kazi?"

"Yeye anakaa akisukwa," Mama akasema bila ukali. "Wewe ulinitupia mkono."

Lilikuwa jambo la kweli, na ukweli wake haukunisaidia chochote. Nililala na picha ya vidole vya Mama kwenye kichwa cha mtu mwingine, vikipaka mafuta, vikigawanya nywele kwa ncha ya kitana. Nikajiuliza wanaongea nini wakati huo. Nikajiuliza kama humwimbia.

Tangu hapo nilikwenda kikundini kushindana. Mimi ni mtu wa kujifundisha. Hesabu nilijifundisha kwa vitabu vilivyotumika vinavyouzwa kando ya njia mjini, na ndivyo nilivyovamia na kupona. Stadi tulizofundishwa zilikwenda kwa misimu: kwanza kutulia, halafu kuvuka dhoruba bila kuharibu kitu, halafu kuongoza hisia, mwisho kuzungumza na watu. Nilizisoma zote kwenye simu kabla hatujafika. Madam akiuliza swali, mkono wangu ulikuwa juu. Nyambura alikuwa hafanyi hata zoezi la nyumbani. "Aki Madam, nilisahau," angesema, na wote wangecheka, hata Madam. Na bado ni yeye aliyerudi shuleni kwanza. Ni yeye aliyekuja siku moja akasema, "Furaha, kidogo tu, kwa miguu," kama mtu anayetaja mahali alipoacha funguo.

Julai, baridi ilipokuwa mbaya kabisa, tulifundishwa beseni. Hisia ikikupanda mpaka huoni mbele, unatia uso kwenye maji baridi, unashika pumzi, na moyo unapunguza mwendo wenyewe. Wasichana walilalamika. Mmoja aitwaye Faith alikuwa na wivingi, nywele za kushonea alizowekewa siku iliyotangulia, na akaapa hata kwa bunduki haiingizi majini. Madam akamtolea kofia ya kuogea, kana kwamba aliijua hoja hiyo tangu zamani. Nyambura hakuhitaji kofia. Mistari ya mama yangu ilimshika vizuri. Aliingiza uso, akaibuka haraka akipiga chafya na kucheka, makamasi yote nje.

Mimi nilibaki chini. Nilitaka kubaki kuliko wote. Masikio yakaanza kulia, na bado nikabaki, mpaka nikahisi mkono ukinivuta kola.

"Mideva," Madam akasema, akinipa taulo. "Hapa hatutoi vyeti."

Siku hiyo nilimchukia. Sasa maneno yale ni moja ya sentensi ninazojiambia nikiwa nafua.

Kisha ikaja Jumamosi moja mwishoni mwa baridi ambayo Nyambura hakutokea. Nilifurahi, nikajibu maswali yote. Mchana nikarudi kumngoja Mama, na Mama pia hakutokea. Jioni Baba alisonga ugali mwenyewe, akaniambia tukiwa mezani.

"Mama yako yuko hospitali na yule mtoto wa kule. Amezidiwa. Mama yake mzazi yuko safarini."

"Analala huko?"

"Kwa kiti. Amesema mtoto hataki aondoke."

Nilimwona Mama kwenye kiti kile. Nilimwona amemshika Nyambura mkono. Na wazo likanijia kwa sauti yangu mwenyewe ya kawaida, kama mtu anayegundua jibu la hesabu: kumbe nikiumwa kuliko hivi, atakaa. Nakuambia hili kwa sababu pengine nawe limewahi kukupitia. Niliona wivu hata wa ugonjwa wake. Na wazo lile lilikuwa tulivu mno, ndiyo sababu liliniogopesha.

"Baba," nikasema. "Nimefikiria kitu kibaya."

Akaweka tonge chini. "Sema."

Nikasema. Nilisema haraka, nikiangalia sufuria.

"Sema tena," akaniambia. "Polepole."

Nikasema tena polepole. Hakunikemea, hakuomba. Alitoka nje akarudi na beseni la maji ya mfereji. "Si uliniambia mnafanyaga hivi?" Nikaingiza uso. Nilipoibuka, yeye naye akauingiza wake mzima, akaibuka akikohoa na maji yakimwingia shingoni. "Eh," akasema. "Hii maji ni ya kuzimu." Tulicheka wote wawili juu ya beseni, na nadhani ndipo nilipoanza kupona, ingawa hatukujua. Jumatatu alifunga kazi akanipeleka mjini kwa daktari, akaketi nami kwenye benchi lile la kliniki. Kama kuna kitu kimoja tu utachukua hapa, chukua hicho: wazo likija tulivu namna ile, mwambie mtu kabla chakula hakijapoa.

Nyambura alirudi amekonda. Wasichana walimzunguka, Faith akampa mandazi yake. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikinywa chai yenye sukari nyingi. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya.

Mijakaranda ilichanua mjini, ikapukutika, na tukafika msimu wa mwisho, ule wa kuzungumza na watu. Ndani yake palikuwa na Jumamosi mbili za wazazi. Kila msichana alitakiwa kuja na mtu mzima wake, mmoja kwa mmoja, wafanye mazoezi wakikabiliana. Nilimwambia Mama mapema kuhusu ile ya kwanza. Akaomba ruhusa kazini. "Nitakuja," akasema, na mimi nikaijenga siku ile kichwani kama nyumba. Mama angekaa mbele yangu na kumwangalia mtu mmoja tu.

Ijumaa yake simu ikalia.

"Mideva, mama yake Nyambura amesafiri tena. Ameomba niende na Nyambura."

"Uende kama nani?"

"Kama mtu mzima wake."

"Na mimi?"

"Baba yako atakuja, nimeongea na yeye. Na si nitakuwa hapo hapo? Nitawaona wote."

"Ni mtu mmoja kwa mmoja, Mama."

Nilisikia maji yakitiririka kwenye sinki la watu. Akashusha sauti. "Kazi hii ndiyo inalipa kodi yetu. Tangu nianze hapa sijawahi kukataa kitu. Sijui hata inaanzwaje."

Asubuhi yake mvua ya Novemba ilinyesha bila kupumzika. Gari lilipinda likaingia uani, na Mama akashuka kwanza, akafungua mwavuli, akauzungusha mpaka mlango wa pili. Nyambura akashuka chini ya mwavuli. Bega la Mama la kushoto lilikuwa nje, likilowa. Aliniona nimesimama barazani. Alininyanyulia nyusi, namna yake ya kusema tutaongea.

Ndani, viti vya mbao vilikuwa vimepangwa viwili viwili. Baba hakuwa amefika. Mteja alikuwa amemshika na kitanda chake. Kwa hiyo kulikuwa na viti viwili vitupu, kimoja mbele ya Nyambura na kimoja mbele yangu, na Mama amesimama katikati na mkoba wake kifuani.

"Kila mtu akae na wake," Madam Kerubo akasema.

Wengine walikuwa wamekaa. Mama alibaki wima.

Nyambura akapigapiga kiti. "Auntie, kuja."

Nilikuwa naijua stadi hii kuliko wote. Unasema kilichotokea, unasema unavyohisi, unaomba unachotaka, unangoja. Niliwafundisha wenzangu wiki iliyotangulia, nikachora hadi ubaoni. Nikafungua mdomo na yote yakatoka nyuma mbele.

"Mama, kaa na mimi."

Watu wakageuka.

"Tafadhali," nikasema, na sauti ikapasuka vibaya. "Naona wivu. Kila Jumamosi naona wivu. Unamsuka. Ulilala kwa kiti kwa sababu yake. Leo kaa na mimi."

Haikuwa na mpangilio. Nilikuwa nikilia kwa namna ambayo sikuifanyia mazoezi. Mama alimtazama Nyambura, akanitazama mimi, akautazama mlango kana kwamba bosi wake angeweza kuingia.

"Auntie," Nyambura akasema taratibu, "huyu ni wako?"

"Ni wangu."

"Lakini ulisema ako shule. Ulisema ni mkubwa."

"Yuko shule," Mama akasema. "Alikuwa mgonjwa. Huyu ndiye wangu."

Kisha akaja akaketi mbele yangu. Alinukia mvua na sabuni ya nyumba ile.

Nilimtazama Nyambura. Uso wake ulikuwa umefanya kitu. Midomo ilitulia, macho yakaenda kwenye mikono ya Mama na kubaki hapo, na koo likapanda na kushuka. Niliujua uso ule. Sikuwahi kuuona, maana mtu hajitazami kwenye kioo saa kama hiyo, lakini niliujua kutoka ndani. Alikuwa amedhani Auntie Violet hana pengine pa kwenda zaidi ya kwao. Nilifurahi, sitakuficha. Furaha ile ilinipanda hadi masikioni. Kisha nikaanza kuhisi pale kooni pake panavyouma, kwa kuwa nilipajua kila inchi, na furaha ikakosa pa kukaa.

Mlango ukafunguka. Baba akaingia na vumbi la mbao kwenye nyusi, limegeuka uji kwa mvua.

"Poleni, nimechelewa. Mimi nikae wapi?"

Nyambura akasema, akiangalia sakafu, "Hapa hakuna mtu."

Baba alikwenda. Alikishika kile kiti, akakitikisa. "Hiki mguu umelegea," akamwambia. "Na hicho chako? Simama kidogo. Hicho ni kizuri. Kaa." Naye akakaa kwenye kibovu, kwa uangalifu, kama mtu aliyepanda ngazi.

Zoezi lilikuwa rahisi kulieleza. Msichana anasema jambo moja, mtu mzima analirudisha kama alivyolisikia, bila ushauri wala kujitetea.

"Nilipokuwa sitaki kuguswa," nikamwambia Mama, "nilitaka ukae tu karibu."

"Lakini mimi nilikuwa na kazi, na wewe mwenyewe ulinitupia—"

"Mama Mideva," Madam akasema akipita. "Rudisha tu alichosema."

"Amesema nimekosea."

"Sijasema hivyo, Mama."

Alijaribu tena, akatoa ushauri kuhusu maziwa na kulala mapema. Akajaribu tena. Jasho lilimtoka puani. Sikuwahi kumwona Mama akishindwa kazi. Mwisho akainua mikono yake akaitazama, akasema, "Umesema nikae. Hata ukinitupia mkono, nikae."

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, na akasahau kwamba hakutakiwa kuongeza kitu. "Nitakaa."

Nyuma yangu, katikati ya mnong'ono wa wote, nikasikia sauti ya Baba ikimwambia Nyambura, "Sema tena. Polepole." Maneno yangu. Aliniambia mimi maneno yale, mezani kwetu. Na wivu ukarudi papo hapo, machozi yangu hayajakauka. Nikataka kucheka.

Siku hiyo hiyo Mama alimpigia bosi wake. Aliongea amesimama wima katikati ya chumba chetu.

"Nilikaa na wangu," akasema. Akasikiliza. "Ndiyo. Ndiyo. Sawa, Mama Nyambura."

Akaweka simu mezani. Baba na mimi tulimngoja.

"Anauliza Nyambura alikaa na nani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia alikaa na fundi."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Wiki nzima alifanya kazi akingoja kuambiwa afungashe, na sisi tukingoja naye, kila simu ikilia tukiangaliana. Hakuambiwa. Jumamosi ya wazazi iliyofuata, mama yake Nyambura alikuja mwenyewe. Alivaa miwani ya jua ndani ya ukumbi na hakuivua, ila alikuja.

Kikao cha kwanza baada ya siku ile, zamu yangu ilipofika kwenye duara, nilisema, "Mideva. Wivu. Kooni."

"Kumbe hiyo inaruhusiwa?" Faith akauliza. "Mimi nimekuwa nikisema hasira."

"Mimi pia," Nyambura akasema, akiwa hanitazami. "Pia kooni."

Hatukugeuka marafiki wa kupigiana simu. Tulianza tu kukaa upande mmoja wa duara, na siku moja alinimiminia chai bila sukari.

Nimerudi shule, narudia kidato cha tatu. Dawa daktari amezipunguza, hajaziondoa. Muhula huu sikuwa wa kwanza, na nilikaa na ripoti ile mkononi nikingoja dunia ianguke. Jirani yetu alikuwa akianika nguo, akaendelea kuanika. Bado kuna asubuhi ambazo soksi huwa nzito. Naivaa polepole, au Baba hunisubiri. Nywele zimeota tena, fupi na laini kwenye paji la uso, kama za mtoto.

Jumapili iliyopita nilichukua kigoda nikakiweka kati ya magoti ya Mama, nikamletea kitana na mafuta. Vidole vyake vilipogusa kichwa changu mwili wote ulitaka kuruka, nikauacha utake. Alianza mbele, akavuta mstari hadi shingoni. Alipofika juu ya sikio la kushoto nilihisi ule mkunjo, pale pale, na nikajua kuna kichwa kingine Lavington chenye mkunjo huo, na kwamba Jumatano vidole hivi vitakuwa huko. Koo likakaza. Wivu, nikasema moyoni, kama tulivyofundishwa. Kooni. Haukuondoka, na sikuufukuza.

"Inama kidogo," Mama akasema. "Nifike nyuma."

Nikainama.